Kuongeza Turbo Kwenye Gari la Zamani: Mambo ya Kupima Kabla ya Kumlipa Fundi

Malipo ya korosho yanapoanza kuingia baada ya minada ya Oktoba na Novemba, gereji za Nachingwea na Ruangwa hupata kazi nyingi. Wapo wanaobadilisha matairi, wapo wanaofufua gari lililolala tangu masika, na wapo, hasa wenye magari ya dizeli yanayobeba mizigo, wanaomwuliza fundi kama gari lao linaweza kufungwa turbo. Jibu wanalopewa mara nyingi ni "ndiyo", na jibu hilo si la uongo. Turbo inaweza kufungwa karibu kwenye injini yoyote. Linaloachwa bila kusemwa ni iwapo injini hiyo itadumu hadi msimu ujao, na nani atakayebeba hasara isipodumu.

Makala haya yanamhusu mmiliki wa gari ambalo halikutoka kiwandani na turbo, naye anakusudia kuiongeza uani kwake au katika gereji ya mtaani. Sheria haimkatazi mtu kulitengeneza gari lake. Hata hivyo, mtumiaji anayelipia kazi hii anastahili kufahamu anachonunua, kwa kuwa anachonunua ni zaidi ya kifaa kimoja.

Turbo hufanya kazi gani

Injini huchoma mafuta kwa hewa. Kiasi cha hewa kinachoingia kwenye silinda ndicho kinachoweka mpaka wa mafuta yanayoweza kuchomwa vizuri, na kwa hiyo mpaka wa nguvu. Injini isiyo na turbo huvuta hewa yenyewe, kama mtu avutavyo pumzi. Turbo ni mapangaboi mawili madogo yaliyofungwa kwenye mhimili mmoja: la kwanza huzungushwa na moshi wa moto unaotoka kwenye injini, na la pili huisukuma hewa safi iingie kwa wingi kuliko ambavyo injini ingeweza kuivuta. Mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, alipewa hataza ya wazo hili mwaka 1905. Mhimili huo huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na kinachouzuia usisagike ni utando mwembamba wa oili peke yake.

Hewa inapoongezeka, mafuta nayo huongezwa. Bila hivyo nguvu haipatikani kwa kiwango anachokitarajia mmiliki. Mafuta yakiongezeka, joto huongezeka, na msukumo ndani ya silinda hupanda. Joto hilo hupita kwenye pistoni, kwenye silinda hedi na gasketi yake, kwenye maji ya rejeta na kwenye oili. Sehemu hizo zote zilipimwa na kiwanda kwa kazi ya awali. Anayefunga turbo, kwa hiyo, anaiomba injini nzima ifanye kazi ambayo haikuumbiwa, na swali la msingi ni akiba kiasi gani ya uvumilivu imebaki baada ya miaka ishirini au thelathini barabarani.

Mfano wa mkonga

Gari linaloulizwa zaidi ni Toyota Land Cruiser ambayo watu huiita mkonga, kwa sababu ya bomba la hewa linalopanda kando ya kioo cha mbele. Mengi ya magari hayo yana injini ya 1HZ, ambayo Toyota iliianza mwaka 1990: silinda sita, ujazo wa takriban lita 4.2, nguvu za farasi zipatazo 130, bila turbo. Sifa yake kubwa ni ustahimilivu. Mafuta hupulizwa kwanza katika chumba kidogo kilichomo ndani ya silinda hedi, na moto hutokea humo kwenda kuisukuma pistoni. Uwiano wake wa mgandamizo unazidi 22 kwa 1, jambo linaloifanya iwake kwa urahisi.

Kipindi hicho hicho kampuni ilitoa injini nyingine, 1HD-T, yenye ujazo unaokaribia kuwa ule ule, lakini ikiwa na turbo tangu kiwandani. Watu wengi hudhani kuwa hii ni 1HZ iliyoongezewa kifaa. Sivyo. Uwiano wake wa mgandamizo ulishushwa hadi 18.6 kwa 1, mafuta hupulizwa moja kwa moja juu ya pistoni, na kwa sababu hiyo pistoni na silinda hedi zake ni za muundo tofauti. Waliotengeneza injini hizi walipotaka nguvu ya turbo, hawakuridhika na kuifunga kwenye ile iliyokuwapo. Tofauti hiyo, kwa maoni yetu, inamweleza mtumiaji mengi kuliko ahadi ya muuza spea.

Injini ya 1HZ inapopewa hewa na mafuta kupita kiasi, moto unaotoka kwenye chumba kile kidogo huupiga uso wa pistoni mahali pale pale, mzunguko baada ya mzunguko, na nyufa huanzia hapo. Madhara hayaonekani siku ya kwanza. Gari hupanda mlima kwa furaha, mwenye gari huwasifu mafundi, na miezi kadhaa baadaye, likiwa na mzigo katika joto la Novemba, huchemsha au hunoki. Hata injini zilizotoka kiwandani na turbo hazikusalimika zote: 2L-T na 1KZ-TE za Toyota zinajulikana kwa kupasuka silinda hedi pale mfumo wa kupoza unapopuuzwa.

Haya hayamaanishi kwamba jambo hili haliwezekani. Nchini Australia, ambako Land Cruiser hutumika sana mashambani na migodini, vifaa kamili vya kuiongezea 1HZ turbo vimeuzwa kwa miaka mingi, na yapo magari yaliyodumu navyo. Wanaofanikiwa huwa wamejizuia. Hewa ya ziada huwekwa chini, takriban nusu ya kanieneo ya kawaida ya hewa. Pampu ya dizeli hurekebishwa kwa vipimo, wala si kwa sikio. Na mbele ya dereva huwekwa geji mbili, moja ya msukumo wa turbo na nyingine ya joto la moshi. Wengi hawaruhusu moshi uzidi nyuzi 700 za Selsiasi kabla haujaifikia turbo. Fundi anayekubali kufunga turbo bila geji ya joto anamfunga dereva macho, na tunamshauri mtumiaji asiendelee naye.

Moshi mweusi unaosifiwa barabarani si dalili ya nguvu. Ni mafuta ambayo hayakupata hewa ya kutosha kuungua, na katika injini ya dizeli huandamana na joto kubwa.

Kwa magari madogo ya petroli maelezo yanaweza kuwa mafupi, kwa kuwa ushauri wetu ni kuacha. Injini ya petroli isiyo na turbo huwa na mgandamizo mkubwa. 1JZ-GE, kwa mfano, ina 10 kwa 1, ilhali ndugu yake mwenye turbo, 1JZ-GTE ya awali, alipewa 8.5 kwa 1. Hewa ikisukumwa katika mgandamizo mkubwa, petroli hulipuka kabla ya wakati wake na kugonga pistoni kama nyundo. Kulizuia hilo kunahitaji nozeli kubwa zaidi na kompyuta ya gari iliyopangwa upya na mtu mwenye vifaa vya kupimia. Kazi hiyo haifanyiki chini ya mkorosho.

Oili, vumbi na injini isiyozimika

Turbo hunywa oili safi na huirudisha ikiwa na moto. Kwa hiyo lazima paunganishwe bomba la kuipelekea oili kwa msukumo, na bomba pana la kuirudisha kwenye kikombe cha oili kwa mteremko. Bomba la kurudisha likipinda au kubanwa, oili hutafuta njia nyingine na kuvuja ndani ya turbo. Muda wa kubadili oili nao hupungua, na dereva hujifunza desturi mpya: baada ya safari yenye kazi nzito, aiache injini iungurume taratibu dakika chache kabla ya kuizima, ili oili iliyo kwenye mhimili isiungue ikiwa imesimama.

Vumbi jekundu la barabara za vijijini, kuanzia Mkotokuyana hadi pembezoni mwa Ruangwa, ni adui wa pangaboi la hewa. Chujio lililopasuka ambalo injini ya kawaida ingelistahimili kwa muda litalinyoa pangaboi hilo kwa chembe za mchanga.

Ipo hatari moja ambayo kila dereva wa dizeli yenye turbo anapaswa kuifahamu. Turbo ikifa na kuanza kumwaga oili kwenye njia ya hewa, injini inaweza kuichoma oili hiyo kama mafuta. Hapo mngurumo hupanda wenyewe, moshi mweupe au wa bluu hutanda, na kuzima ufunguo hakusaidii. Kwa gari la gia za mkono, dereva akanyage breki kwa nguvu zote, aingize gia kubwa na kuachia klachi ili injini ikabwe. Ikishindikana, watu washuke na kukaa mbali. Asiingize mkono kwenye tundu la hewa.

Breki, klachi na matairi hubaki vile vile. Gari linalopandisha mlima kwa kasi na magunia thelathini litashuka upande wa pili likitegemea breki zile zile za zamani.

Kabla ya turbo, uliza nguvu imekwenda wapi

Wamiliki wengi wanaotafuta turbo hawalinganishi gari lao na jipya. Wanalilinganisha na lilivyokuwa walipolinunua. Nguvu iliyopotea mara nyingi hurudi kwa matengenezo ya kawaida: nozeli zilizochoka, pampu ya dizeli iliyotoka kwenye mpangilio, nafasi za valvu zisizopimwa kwa miaka, chujio lililoziba, ekzosi iliyobanwa, breki zinazoshika magurudumu. Dai kipimo cha mgandamizo wa kila silinda kabla ya mazungumzo yoyote ya turbo. Silinda moja ikiwa chini sana kuliko nyingine, injini hiyo ni mgonjwa, na turbo itaharakisha mazishi yake.

Mazingira nayo yana neno. Hewa hupungua uzito kwa karibu asilimia 10 kila mita 1,000 za kupanda, ndiyo maana madereva wa Mbeya au Njombe huona faida ya turbo waziwazi. Nachingwea haifiki mita 500 kutoka usawa wa bahari. Injini yako inapumua vizuri hapa kuliko unavyoambiwa.

Makubaliano, bima na nyaraka

Turbo nyingi zinazouzwa ni mtumba kutoka Dar es Salaam. Kabla ya kulipa, shika mhimili uuchezeshe: kucheza kidogo kwenda pembeni ni kawaida kwa turbo isiyo na oili, lakini kwenda mbele na nyuma kusisikike kabisa. Mapangaboi yasiwe na mikwaruzo wala ncha zilizolika. Dai risiti ya EFD inayotaja kifaa kwa jina na namba yake. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inamlinda mnunuzi aliyemweleza muuzaji matumizi anayoyataka akategemea utaalamu wake. Kwa hiyo taja aina ya gari na injini, na hilo liandikwe.

Na fundi, andikianeni. Karatasi moja yatosha: vipimo vya mgandamizo vilivyopatikana, kiwango cha msukumo kitakachowekwa, nani ananunua gasketi na mabomba, muda wa dhamana ya kazi, na nani analipa injini ikinoki ndani ya muda huo. Fundi mwaminifu ataweka masharti yake pia, na ni haki yake. Atakataa, kwa mfano, kubeba lawama ya oili usiyobadilisha.

Mwenye bima kubwa amweleze mtoa bima kwa maandishi kabla ya kazi. Mkataba wa bima hujengwa juu ya uwazi kamili, na badiliko linaloongeza nguvu ya injini ni jambo ambalo mtoa bima ana haki ya kulijua. Likifichwa, anaweza kukataa kulipa siku ya ajali, hata kama turbo haikuisababisha. Asiyeridhika na uamuzi wa kampuni anaweza kulifikisha suala kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Turbo peke yake haibadilishi ujazo wala namba ya injini. Lakini mafundi wengine watakushauri ununue injini nzima ya mtumba yenye turbo, na mara nyingi ushauri huo una busara kuliko kuikarabati ya zamani. Katika hali hiyo namba ya injini haitalingana tena na kadi ya gari. Pata nyaraka za uhalali wa injini hiyo kutoka kwa muuzaji, na taarifa ifike TRA ili kadi irekebishwe, kabla gari halijasimamishwa barabarani wala kuuzwa.

Endapo kifaa ulichouziwa ni bandia, au maelezo uliyopewa yalikupotosha, malalamiko hupelekwa Tume ya Ushindani, ambayo inasimamia ulinzi wa mtumiaji chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 na udhibiti wa bidhaa bandia chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963. Ambatisha risiti, karatasi ya makubaliano na picha. Turbo iliyoharibika usiitupe, wala usimruhusu aliyeifunga aifungue peke yake. Ihifadhi kama ilivyotoka, pamoja na oili kidogo iliyomwagwa kwenye injini katika chupa safi, hadi fundi mwingine atakapoikagua na kuandika alichokiona.