Liguria: Ufuo wa Italia ambako bahari hufaidiwa na mwenye miguu

Ukizunguka Malindi ama Watamu, humalizi mtaa kabla hujasikia mtu akiitikia "Ciao!" Waitaliano wamekuwa wakija kwetu kwa miaka mingi kufuata jua na mchanga. Wengine walijenga, wakafungua mikahawa, na leo kuna vijana wa Pwani wanaoongea Kiitaliano freshi bila kukanyaga darasa lolote. Lakini ushawahi kujiuliza hao wageni kwao wana bahari ya aina gani?

Jibu linategemea unakoenda. Leo nakupeleka Liguria, mkoa mwembamba ulio kaskazini magharibi mwa Italia. Umejipinda kama mundu kuanzia mpaka wa Ufaransa hadi karibu na Toscana, na mji wake mkuu ni Genova. Wengi wakisikia habari za eneo hili huwaza matajiri wenye mashua za kifahari pale Portofino. Hao wapo, hatukatai. Ila sehemu kubwa ya mkoa si mashua wala hoteli. Zaidi ya thuluthi mbili ya ardhi yake ni misitu, na milima inashuka hadi majini bila kuacha nafasi ya uwanda. Fuo pana za mchanga kama Diani sahau. Huku ukitaka kuifaidi bahari, unafunga kamba za viatu na kupanda.

Na ukibeba jambo moja tu kutoka makala haya, libebe hili: urembo unaouona kwenye picha za Liguria haukujileta. Umepangwa jiwe kwa jiwe, na mikono ikipumzika, unaporomoka.

Vijiji vitano na kuta zisizo na saruji

Tuanze na Cinque Terre, maana ndiyo picha ambayo bila shaka ushaiona kwenye simu. Jina hilo maana yake ni "ardhi tano", na vijiji vyenyewe ni Monterosso, Vernazza, Corniglia, Manarola na Riomaggiore. Nyumba za rangi zimebanana juu ya majabali, bahari iko chini, mashamba yako juu. UNESCO iliorodhesha eneo hili kama Urithi wa Dunia mwaka wa 1997, na mwaka wa 1999 likawa mbuga ya taifa. Ndiyo mbuga ya taifa ndogo zaidi Italia, takriban kilomita 39 za mraba. Yaani ukiigawa Mbuga ya Taifa ya Nairobi mara tatu, kipande kimoja kinatosha.

Lakini usitarajie simba. Kinacholindwa hapa hasa ni kazi ya binadamu. Kwa karne nyingi wakulima wa huku walikata miteremko mikali ikawa matuta ya ngazi, wakapanda mizabibu, mizeituni na milimau. Kama kwenu ni Machakos ama Taita, matuta unayajua. Tofauti ni kwamba haya yameshikiliwa na kuta za mawe matupu, hakuna saruji wala udongo wa kugandisha. Waliopiga hesabu wanazungumzia maelfu ya kilomita za kuta.

Mbona wasitumie saruji wamalizane nayo? Kwa sababu ya maji. Mvua ikinyesha, maji hupenya katikati ya mawe na kushuka polepole. Ukuta wa saruji usio na matundu huyazuia, yanajaa nyuma yake hadi unapasuka. Ni ufundi ambao UNESCO iliutambua mwaka wa 2018 kama urithi wa utamaduni wa mataifa manane, Italia ikiwemo.

Hapo sasa ndipo shida inapoanzia. Kuvuna zabibu kwenye mteremko kama huo ni kazi ya kuvunja mgongo. Hata leo katika baadhi ya mashamba mavuno hubebwa na vijitreni vidogo vinavyopanda kwenye reli moja. Katika karne ya 20 vijana wengi walichoka, wakateremka mijini kutafuta ajira viwandani na bandarini. Shamba likiachwa, hakuna wa kurudisha jiwe lililodondoka. Mizizi inasukuma, nguruwe mwitu wanachimbua, na mvua kubwa ikija inapata mlango.

Na mvua ilikuja. Mnamo Oktoba 25, 2011, mafuriko na maporomoko ya udongo yaliikumba Vernazza na Monterosso. Barabara ya kijiji ikageuka mto wa matope, magari yakasombwa, na watu kadhaa wakapoteza maisha. Mwaka uliofuata, Septemba, mawe yalianguka kwenye Via dell'Amore, "Njia ya Mapenzi", kijia maarufu kinachounganisha Riomaggiore na Manarola. Watalii wanne kutoka Australia walijeruhiwa. Njia hiyo, ambayo haifiki hata kilomita moja na nusu, ilifungwa kwa zaidi ya miaka 10. Ilifunguliwa tena mwaka wa 2024, na sasa unaingia kwa kuweka nafasi mapema.

Unatembea wapi basi?

Kijia kinachopendwa zaidi ni Sentiero Azzurro, yaani Njia ya Buluu. Kutoka Monterosso hadi Vernazza ni kama kilomita tatu na nusu, lakini usidanganyike na namba. Ni ngazi juu, ngazi chini, na mtu wa kawaida humaliza kwa saa moja na nusu hadi mbili. Vernazza hadi Corniglia ni karibu vilevile. Kutoka Corniglia kwenda Manarola, kipande cha chini kimefungwa kwa miaka mingi kwa sababu ya maporomoko, hivyo watu hupanda hadi kijiji cha Volastra na kushukia katikati ya mizabibu. Wanaoijua njia hiyo watakwambia ina mandhari kuliko ile ya chini.

Ukichoka, treni ipo. Kutoka kijiji kimoja hadi kingine ni dakika chache tu. Angalizo: Corniglia iko juu ya jabali, na kutoka stesheni hadi kijijini unakwea ngazi zaidi ya 370. Begi zito utalijutia.

Vipande vikuu vya njia hulipiwa kwa kadi maalum ya mbuga. Usinung'unike. Pesa za kadi husaidia kutunza vijia hivyohivyo unavyokanyaga. Viatu navyo si suala la fasheni. Wageni wengi walikuwa wakiingia na malapa kisha waokoaji wanaitwa kuwabeba, hadi wasimamizi mwaka wa 2019 wakatangaza faini kwa wanaotembea njia hizo na viatu visivyofaa.

Na kama wewe ni wa safari ndefu, kuna Alta Via dei Monti Liguri. Hii ni njia ya takriban kilomita 440 inayofuata mgongo wa milima kutoka Ventimiglia, karibu na Ufaransa, hadi karibu na La Spezia. Si lazima uimalize. Watu huchukua siku moja ama mbili, huku bahari iko upande mmoja na upande wa pili, hali ya hewa ikiwa safi, kuna Milima ya Alps yenye theluji.

Chini ya maji

Turudi Portofino, lakini tuwapite wenye mashua. Rasi yote ni hifadhi, na bahari inayoizunguka ni eneo la kulindwa tangu mwaka wa 1999. Imegawanywa kanda. Kuna ghuba moja ambako huruhusiwi kuvua, kupitisha mashua wala kuogelea. Kwingine unaweza kupiga mbizi kwa masharti. Matokeo yake yanaonekana: chewa wakubwa wasioogopa watu, na marijani nyekundu zilizoshika kwenye miamba.

Upande wa pili wa rasi kuna San Fruttuoso, abasia ya kale iliyojificha kwenye kighuba. Hakuna barabara ya gari. Unafika kwa mguu kupitia msituni ama kwa mashua. Mbele yake, kina cha mita 17 hivi, kumesimama sanamu ya shaba ya Kristo aliyeinua mikono, iliyowekwa mwaka wa 1954 karibu na mahali alipofia mmoja wa wapiga mbizi wa mwanzo wa Italia.

Kuna pia nyasi za bahari zinazoitwa Posidonia. Ni mazalio ya samaki na ngao ya ufuo dhidi ya mawimbi. Nanga moja ikiburutwa inang'oa kilichochukua miaka mingi kuota, ndiyo maana mashua katika hifadhi hufungwa kwenye maboya yaliyotengwa. Yeyote aliyewahi kuingia hifadhi ya bahari ya Malindi ama Watamu ataielewa sheria hiyo mara moja.

Ukisogea mbali zaidi na pwani unaingia Pelagos, hifadhi ya nyangumi na pomboo ya takriban kilomita 87,500 za mraba. Italia, Ufaransa na Monaco ziliiwekea sahihi mwaka wa 1999, kwa kuwa nyangumi hawajui mpaka wa nchi. Mashua za kutazama wanyama hao huondoka Genova na miji mingine ya pwani.

Kamba, baiskeli na tai

Wewe ambaye kutembea ni kazi ya wazee, nenda Finale Ligure. Majabali yake ya chokaa yana maelfu ya njia za kukwea kwa kamba, na vilima vyake vinajulikana Ulaya nzima kwa baiskeli za milimani. Kama miguu haijazoea, kati ya Ospedaletti na San Lorenzo al Mare kuna njia ya baiskeli ya kilomita 24 kando ya bahari. Zamani ilikuwa reli. Treni ilipohamishiwa bara mwaka wa 2001, badala ya kuacha eneo hilo lijae vichaka na vibanda, walilifanya la baiskeli.

Mwezi Machi panda Beigua, hifadhi ya jiolojia ya UNESCO iliyo magharibi mwa Genova. Hapo hupita tai wala nyoka wanaorudi kutoka Afrika. Ndege hawa hutegemea hewa ya joto inayopaa kutoka nchi kavu, hivyo hawapendi kukatiza bahari pana. Wanazunguka hadi Gibraltar, wanapitia Hispania na Ufaransa, kisha wanafuata milima ya Liguria kuingia Italia. Na hawaombwi viza.

Kabla hujafunga begi

Wewe utaombwa. Mkenya anahitaji viza ya Schengen, ambayo ada yake kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, na ikikataliwa pesa hairudi. Panga kwenda Aprili, Mei ama Septemba. Julai na Agosti ni joto na msongamano. Oktoba na Novemba mvua huwa kali, na tahadhari ikitolewa vijia hufungwa. Ukikuta kamba imefungwa njiani, rudi. Hiyo mvua ya 2011 hawajaisahau.

Ukifika Manarola, angalia juu ya kijiji. Mwaka wa 2019 ulianza mradi wa Stonewallsforlife, uliofadhiliwa na Umoja wa Ulaya, wa kukarabati kuta za matuta na kufundisha watu kuzijenga. Kazi iliyowakimbiza vijana enzi za babu zao sasa inafundishwa darasani, kisha wanafunzi wanapanda mlimani kuchagua mawe. Anayejua kupanga jiwe bila saruji anahitajika huko kuliko anayejua kulipiga picha.

Kwa hivyo piga picha zako, hakuna anayekukataza. Ila usikalie ukuta, usichomoe jiwe la ukumbusho, na kadi ya mbuga ulipie.