Lango Lisilofungwa na Bawabu: Ufyatuaji wa Thairista katika Vinyooshi vya Umeme

Makala haya yanafafanua usanifu wa saketi za kufyatulia thairista kwa kuangalia chombo ambacho wengi hawakitupii jicho: chaja ya betri katika kituo cha umeme. Laini ya kilovolti 132 inayounganisha Mwingi, Kitui, Wote na Sultan Hamud hupitia vituo ambavyo, kama vingine vya aina hiyo, hutegemea betri. Laini ikipata hitilafu, betri ndiyo huzipa nguvu swichi za kukatia umeme. Ikiwa dhaifu, swichi hazifunguki na transfoma yaweza kuungua. Ikichajiwa kupita kiasi, maji yake hugeuka gesi, na joto la Ukambani huongeza madhara.

Kinyooshi cha chaja kama hiyo aghalabu huwa na thairista sita. Thairista, iliyoendelezwa na kampuni ya General Electric ya Marekani mwaka 1957, ina anodi, kathodi na lango. Istilahi "lango" humpotosha msomaji kidogo. Lango la boma hufunguliwa na kufungwa na bawabu yuleyule. Hili hufunguliwa tu. Mkondo ukishashika njia, bawabu hana kauli tena hadi mkondo wenyewe ufifie. Kitenzi "kufyatua" ndicho kinachobeba maana barabara, kwani mtego ukishafyatuka haurudishwi.

Kwa hiyo msanifu hutawala jambo moja tu: wakati. Tuseme betri ina seli 55 za risasi, kila moja ikihitaji takriban volti 2.23, jumla ni kama volti 123. Transfoma ikitoa volti 110 kati ya fezi na fezi, kinyooshi chaweza kutoa hadi volti 148.5 (yaani 110 mara 1.35). Ili zipatikane 123, kila mpigo hucheleweshwa kwa digrii 34 hivi. Umeme wa laini ukishuka kwa asilimia 10, pembe hiyo sharti ipungue hadi digrii 23. Kwa umeme wa hezi 50, tofauti hiyo ni milisekunde 0.6 tu.

Ugumu umo katika kujua pa kuanzia kuhesabu. Saketi hutazama wimbi la mkondo geu linapovuka sifuri, ilhali thairista zinapopokezana mkondo hulichana wimbi hilo, nayo saketi huona sifuri za uongo. Kichujio huziondoa, lakini nacho huchelewesha wimbi, na ucheleweshaji huo lazima ufidiwe.

Mpigo wenyewe hupitishwa katika transfoma ndogo ili kutenga saketi nyepesi na volti za kinyooshi. Hurudiwa baada ya digrii 60, kwa kuwa mkondo hauanzi pasipo thairista mbili kuwaka pamoja. Fezi mbili zikibadilishana nafasi, mipigo hufika kwa thairista zisizostahili. Ndiyo maana mfuatano wa fezi hukaguliwa kabla ya waya wowote wa lango kuunganishwa.