Nyani wa Kikopey na Jeni Iliyosifiwa Mno

Gari likipunguza mwendo pale Kikopey, kwenye barabara kuu ya Nairobi kwenda Nakuru, vijana wameshaanza kuongea kabla halijasimama. Huyu anasifu mbavu zake, yule anaapa kachumbari imekatwa sasa hivi, na wa tatu, aliyekwishanasa lafudhi yako, anakusalimu kwa lugha ya kwenu. Unaposubiri mbuzi aive, tazama midomo yao. Kutamka "mbavu" tu, midomo hufungwa na pumzi kupitia puani, kisha mdomo ukafunguka, meno ya juu yakagusa mdomo wa chini, midomo ikaviringana. Kipande cha nyama hakijageuzwa motoni, neno limekwisha.

Iko familia moja Uingereza ambayo takriban nusu ya watu wake, kwa vizazi vitatu, kazi hiyo huwashinda. Watafiti waliificha kwa herufi mbili, KE. Hao walioathirika si viziwi, wala ulimi wao haukufungwa. Taabu yao kubwa ni kupanga mienendo ya mdomo ifuatane upesi. Sarufi nayo huwatatiza. Mwaka 1998 wataalamu wa Oxford, akiwemo Simon Fisher, waliusaka mkosi huo hadi kwenye kromosomu ya 7. Mwaka 2001 wakaikuta jeni yenyewe, FOXP2, ikiwa na herufi moja tu ya DNA iliyobadilika.

Jeni hiyo hutoa protini ambayo naweza kuifananisha na nyapara. Nyapara habebi matofali. Hupita akiamuru nani aanze kazi na nani apumzike. Protini ya FOXP2 hushika DNA, ikaamua jeni nyingine zisomwe au zinyamaze, tangu ubongo wa mtoto unapojengwa tumboni, hasa katika sehemu zinazoratibu mienendo ya mwili. Kwa familia ya KE, kosa liliangukia sehemu ileile ambayo nyapara huitumia kushikia DNA. Kila mtu ana nakala mbili za jeni hii, na moja ikiharibika, iliyobaki haitoshi.

Magazeti yakaibatiza "jeni ya lugha". Jina tamu, na baya. Panya anayo FOXP2, na ndege pia. Mwaka 2007 watafiti walipoipunguza kwenye ubongo wa makinda ya chiriku wa Australia, makinda yale yaliiga wimbo wa mwalimu wao kwa kubabaisha.

Utamu ulizidi mwaka 2002, kundi la watafiti wa Leipzig lilipotangaza kwamba protini yetu inatofautiana na ya sokwe kwa amino asidi mbili tu kati ya 715, na kwamba umbo letu la jeni hii lilienea kwa kasi ndani ya miaka 200,000 iliyopita. Watu wakamaliza hadithi wenyewe: jeni ikabadilika, binadamu akasema, akatoka Afrika kwenda kuitawala dunia. Lakini mwaka 2007 mifupa ya Neanderthal, binadamu wa kale waliokwishatoweka, kutoka pango la El Sidrón, Uhispania, ikaonyesha mabadiliko yaleyale mawili; hayakuwa yetu peke yetu. Kisha mwaka 2018 watafiti Elizabeth Atkinson, Brenna Henn na wenzao wakarudia hesabu kwa DNA ya watu wengi zaidi, na ile dalili ya kuenea kwa kasi ikayeyuka. Utafiti wa awali ulitegemea watu 20, na wenye asili ya Afrika walikuwa wachache mno. Hapo ndipo ninapokereka: hadithi ya mwanzo wa binadamu, na wenye kitovu chake wameachwa mlangoni.

Kikopey ina ushahidi wake kuhusu maisha bila maneno. Mwaka 1972 Mmarekani Shirley Strum alifika hapa, wakati huo likiwa shamba kubwa la mifugo lililoandikwa Kekopey, akaanza kufuatana na kundi la nyani. Wengi waliamini dume lenye meno makali ndilo linalotawala. Strum aliona vingine: dume mgeni hujipenyeza kwa urafiki, akikaa karibu na majike, akichezea watoto wao, na urafiki huo humfaa siku ya ugomvi. Siasa tupu, bila hata sentensi moja. Baadaye shamba likagawiwa wakulima, nyani wakaonja mahindi, na mwaka 1984 Strum akawahamishia Laikipia.

Na si mbali na vibanda vya choma, upande wa Ziwa Elmenteita, ipo Kariandusi, ambako Louis Leakey alikuta mashoka ya mawe mwaka 1928. Mengine ni ya obsidia, jiwe jeusi la volkeno linalong'aa kama chupa, na umri wa mashoka hayo unakaribia miaka milioni moja. Kuchonga shoka la namna ile ni kupiga kwa mpangilio, pigo hili likiandaa lijalo, kama midomo inavyofanya ikitamka neno. Mwaka 2013 watafiti wa Liverpool walipima mwendo wa damu katika ubongo wa wachongaji 10 wa siku hizi, wakichonga, na pia wakitafuta maneno kimyakimya. Katika sekunde za mwanzo za kazi hizo mbili, mwendo huo ulifanana. Hilo halithibitishi kwamba wachongaji wa Kariandusi walisemezana. Shimo la uchimbuzi liko wazi, na mashoka yamelala palepale yalipofukuliwa.