Nyumba Yenye Akili na Stara ya Wenyewe

Baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu (s.w.) na kumtakia rehema na amani Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), tunapenda wiki hii kuzungumza na wasomaji wetu, hasa wale ambao watoto na ndugu zao wamehamia Nairobi kutafuta riziki, juu ya jambo ambalo limeingia majumbani mwetu kabla hatujajiandaa kulipokea. Nalo ni vifaa vya nyumbani vinavyojiendesha, au vinavyoendeshwa kwa simu kutoka mbali: taa, plagi, kengele, kamera na mfano wake. Vijana huviita vifaa janja. Sisi watu wa Pwani ujanja hatuuhesabu kuwa sifa njema kila mara, kwa hiyo tutaviita vifaa vyenye akili.

Yuko atakayesema kwamba hayo ni mambo ya matajiri wa Nyali na Karen, wala hayamhusu mpangaji wa chumba kimoja. Tulidhani hivyo nasi, mpaka tulipozuru Kibera na Kawangware. Katika vyumba vya mabati na udongo vya huko, akili hiyo imekwisha kuingia kwa mlango wa nyuma. Tangu mwaka 2012 kampuni ya M-KOPA imekuwa ikiuza mitambo ya sola yenye laini ya simu ndani yake: mwenye nyumba hulipa kidogo kidogo kwa M-Pesa, na mtambo huwaka au huzimika kulingana na malipo. Iko pia mitungi ya gesi yenye mita, ambayo mama hununua gesi ya kiasi cha shilingi alizonazo siku hiyo, na mita ndiyo inayomjulisha muuzaji kwamba mtungi unakaribia kwisha. Kwa hiyo anayedhani kuwa hajaanza, huenda alianza zamani.

Lililotusukuma kuandika, hata hivyo, si sola wala gesi. Ni kisa cha nyumba moja ya jamaa zetu huko Makina, Kibera, mtaa wa ndugu zetu Wanubi, ambao wazee wao walikuwa askari waliotoka Sudan na ndio waliopaita mahali pale Kibra, yaani msituni. Katika nyumba hiyo anaishi bibi mmoja mzee pamoja na mke wa mwanawe mdogo na wajukuu wawili. Mwanawe mkubwa anafanya kazi Doha. Mwaka jana bibi alianguka usiku akienda msalani, akaumia nyonga. Yule kijana wa Doha, kwa uchungu wa kumpenda mamake, akatuma kamera, ikatundikwa ukutani sebuleni, akawa anaitazama nyumba kwa simu yake mchana na usiku.

Tuliitwa kusuluhisha baada ya miezi mitatu, wakati mke wa mwana mdogo alipokwisha kufunga virago kurudi kwao. Tulipomuuliza sababu, alijibu kwa upole: "Shekhe, mimi sina ugomvi na shemeji yangu, na mama huyu ni mama yangu. Lakini tangu jicho hilo litundikwe pale, sijavua baibui ndani ya nyumba yangu mwenyewe."

Wasomaji wetu, hapo ndipo penye uzito wa jambo lenyewe. Dini yetu imetufunza kupiga hodi na kutoa salamu kabla ya kuingia nyumba isiyo yetu. Katika Sura An-Nur, aya ya 58, hata watoto wadogo na watumishi wa nyumbani wameagizwa kuomba ruhusa katika nyakati tatu za faragha: kabla ya sala ya alfajiri, wakati wa adhuhuri watu wanapopunguza nguo, na baada ya isha. Wanazuoni wamebainisha kwamba hodi imewekwa kwa ajili ya kulizuia jicho. Sasa, ikiwa mtoto anayelala chumba cha pili hana budi kubisha, vipi jicho la shemeji, ambaye si maharimu, liingie bila ya hodi usiku kucha? Umbali wa Doha hauibadilishi hukumu. Na sheria ya nchi nayo haiko mbali na hayo: Kifungu cha 31 cha Katiba ya mwaka 2010 kinalinda faragha ya mtu na ya nyumba yake, na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 imeifuata njia hiyo hiyo.

Tulipompigia simu yule kijana, alinyamaza kitambo. Kisha akasema, "Shekhe, mama akianguka tena nami sipo, nani atanijulisha?" Swali lake lilikuwa la haki, na hatukuwa na ruhusa ya kulipita. Tukamuuliza: "Mwanangu, unataka kumwona mama, au unataka asianguke?" Akasema anataka asianguke. Basi kamera haikuwa dawa ya ugonjwa huo, kwani humwonesha mtu anapoanguka, lakini haimshiki mkono.

Wazo la kwanza lilikuwa kuihamishia kamera mlangoni, itazame nje. Tulipotoka kutazama, tukaona kwamba mlango wa jirani uko hatua nne tu mbele yake, na jirani ana binti. Tukaliacha wazo hilo. Badala yake zilinunuliwa taa mbili ndogo za betri zenye kihisi cha mwendo, moja kando ya kitanda cha bibi na nyingine karibu na msala. Mtu akipita huwaka, akishapita huzimika, na hazihitaji intaneti. Ikaongezwa kengele isiyo na waya: kitufe kimefungwa kitandani mwa bibi, na mlio wake uko chumbani kwa mkwewe. Na kijana akaahidi kupiga simu asubuhi na jioni. Virago vikafunguliwa.

Kutokana na kisa hiki tunawausia wanaoanza mambo machache.

Kwanza, anzeni na haja, si kifaa. Semeni kwa maneno ni shida gani mnayotaka kuondoa, kisha nunueni kitu kimoja tu, mkizoee kwa mwezi mzima kabla ya kuongeza cha pili. Mara nyingi kilicho rahisi hutosha.

Pili, jueni umeme wenu. Plagi yenye akili huandikwa kiasi cha ampea inachoweza kubeba. Iliyoandikwa ampea 10, kwa umeme wetu wa volti 240, haibebi zaidi ya wati 2,400. Inafaa kwa taa, feni au redio. Shawa ya umeme hula wati 5,000 na zaidi, wala haifai kabisa. Huko Kawangware tulioneshwa plagi iliyoyeyuka kwa kuunganishwa na jiko la umeme la sahani mbili. Katika nyumba za mabati zilizobanana, moto wa chumba kimoja ni msiba wa mtaa mzima. Na pasi isiwashwe kamwe na mtu asiyekuwapo chumbani.

Tatu, msidanganyike katika hesabu ya tokeni. Balbu ya LED ya wati 9 ikiwaka saa sita kila usiku hutumia kama yuniti moja na nusu kwa mwezi, ilhali balbu ya zamani ya wati 60 hutumia karibu yuniti 11. Nafuu hiyo imetokana na LED, haikutokana na akili ya balbu. Isitoshe, balbu yenye akili hula umeme kidogo hata inapozimwa kwa simu, kwa kuwa hukaa ikingoja amri. Mtume (s.a.w.) alituusia kuzima taa tunapolala, na kidole juu ya swichi kingali kinatosha kuutekeleza wasia huo.

Nne, kumbukeni kwamba vifaa vingi hutegemea Wi-Fi, na Wi-Fi hutegemea stima. Stima ikikatika, simu iliyo mbali haina amri tena. Na nyumba nyingi za Kibera na Kawangware hushirikiana mtandao mmoja kati ya wapangaji kadhaa. Kwa hiyo badilisheni neno la siri lililokuja na kifaa siku ile ile ya kukifungua, na msimpe fundi neno hilo akaondoka nalo. Mkiuza kifaa au mkihama, kifuteni kwanza.

Tano, na ndilo kubwa: kifaa chochote chenye jicho au sikio kisiingie ndani kabla ya kila anayeishi humo kuridhia, na mke aulizwe kabla ya mume kulipa. Idhini ya anayetuma pesa haitoshelezi idhini ya anayelala humo.

Yule kijana alitupigia simu wiki iliyopita. Alisema kwamba bado humjia hofu usiku, na mara nyingine huifungua simu yake kutazama mahali ambapo zamani aliiona sebule ya mamake. Tulimwambia amwombee dua, kisha asubuhi apige simu. Mwenyezi Mungu amrejeshe salama, na azilinde nyumba zetu na stara zetu.

Wabillahi tawfiq.