Tamathali za semi: mtoto na aione mifano mlimani kwake

Mji wetu una sifa ya siku nyingi: Morogoro, mji kasoro bahari. Aliyesema hivyo hakukusudia kwamba mji hauna upungufu mwingine. Ameusifu kwa kutia chumvi, na hiyo ndiyo mubalagha.

Vijana wetu wa sekondari hukariri mubalagha, tashbihi, sitiari na takriri kwa ajili ya mtihani, bila kujua kwamba majina hayo yana asili katika elimu ya balagha, ile ile inayosomeshwa katika vyuo vya Kiislamu. Tashbihi hulinganisha vitu viwili kwa neno kama "mithili ya"; sitiari huliacha neno hilo na kukiita kitu kwa jina la kingine. Lipo neno moja linalowatatiza wanaosoma kote kuwili, nalo ni kinaya. Katika balagha ya Kiarabu ni kudokeza jambo kwa kutaja linaloambatana nalo. Katika fasihi ya Kiswahili ni kusema kinyume cha kinachokusudiwa. Mwalimu wa madrasa na wa shule wote wawili wamesema kweli.

Hata hivyo, kujua jina la tamathali hakutoshi. Ni lazima msikilizaji akijue kitu kinachotolewa mfano. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, malenga wa Pate, aliufananisha ulimwengu na bahari chafu katika Al-Inkishafi. Mtoto wa kisiwani huelewa mara moja. Wa Mgeta au Matombo huhitaji maelezo.

Lakini ipo mifano ambayo mtoto wa Uluguru huitangulia. Katika Surat al-Baqara, aya ya 264, sadaka yenye masimango na maudhi imelinganishwa na utoaji wa mtu wa riya, naye akafananishwa na jabali lenye udongo juu yake: mvua kubwa huliacha tupu. Aya ya 265 inamfananisha atoaye kwa kutaka radhi za Mwenyezi Mungu na bustani iliyo mahali pa juu: mvua kubwa huifanya izae maradufu, na ikiikosa, hata manyunyu huitosha. Mkulima wa milima hii ameyaona yote mawili: mteremko uliochukuliwa udongo hadi mawe, na shamba linalonawiri kwa ukungu.

Mzazi mwenzangu, tashbihi hii inatuhusu nyumbani. Tunalipa ada, tunanunua sare, kisha tunamsimanga mtoto mbele ya wageni: "Nakulisha bure!" Mvua imeshapita juu ya jabali. Na tunapomwita "punda" au "mzigo", hiyo ni sitiari, ila yeye huipokea kama jina lake.

Basi, usiku wa leo msomee mwanao aya hizo mbili na tafsiri yake. Mwulize ni mteremko gani anaoujua uliofanana na jabali lile, kisha sikiliza jibu lake.

Allah atujaalie ndimi njema majumbani mwetu. Amin.