Tinti ya Gari la Kupeleka Mizigo: Ubandike Mwenyewe au Umpe Fundi?

Leo tuongee na wale mnaouza mtandaoni halafu mnapeleka mizigo kwa gari lenu wenyewe. IST, Probox, Noah, Kirikuu, lolote lile. Jua likianza kuwaka sawasawa, swali linakuwa moja: ninunue roli ya tinti nibandike mwenyewe nyumbani, au nikamlipe fundi?

Jibu fupi ni kwamba inategemea kioo gani. Jibu refu ndilo hili hapa chini, na lina hela yako ndani yake, kwa hiyo usiruke.

Kwanza tuelewane kitu kimoja. Kwa muuzaji, tinti sio urembo. Gari lililofungwa vioo na kuachwa juani linaweza kupanda joto kama nyuzi 20 zaidi ya hewa ya nje ndani ya saa moja, na sehemu kubwa ya joto hilo inaingia kwenye nusu saa ya kwanza. Sasa piga hesabu ya Dar, nje nyuzi 32. Ndani unaenda 50 na kitu. Chokoleti inaanza kuyeyuka kwenye 34 hivi. Mafuta ya shea nayo hivyo hivyo. Yaani wewe umeingia tu kwenye foleni ya kutoa hela, umekaa dakika 20, ukirudi oda ya mteja imeshakuwa uji. Hapo bado mwizi hajapita kuchungulia maboksi yaliyojaa kiti cha nyuma.

Kwa hiyo sababu mbili: joto na macho ya watu. Na hizi mbili watu wanazichanganya sana, ndiyo maana wengi wananunua tinti isiyowasaidia.

Giza sio ubaridi. Karibu nusu ya nishati ya jua inayogonga kioo ni miale ya infraredi, ambayo macho yako hayaioni kabisa. Karatasi nyeusi tii ya bei rahisi, ile ya rangi tu, inazuia mwanga unaoonekana lakini infraredi nyingi inapita kama kawaida, na ule mwanga iliouzuia inaunyonya yenyewe, kioo kinapata moto kama sufuria. Karatasi ya seramiki inaweza kuwa nyepesi, unaona ndani vizuri tu, na bado ikazuia joto kuliko ile nyeusi. Bei yake ndiyo inauma. Katikati kuna ya kaboni, haipauki haraka kama ya rangi na joto inazuia kiasi. Halafu ipo yenye chembe za chuma, inafanya kazi nzuri ya joto ila inaweza kusumbua mtandao wa simu na ramani. Wewe unayeishi kwa ramani na simu za wateja, hiyo iache.

Kwa upande wa miale ya UV, inayopausha nguo na vifungashio, karatasi yoyote nzuri inazuia karibu yote, hata kama ni angavu. Kwa hiyo muuza mitumba na vitenge hana haja ya kuweka giza la usiku ili kulinda rangi.

Zile namba za asilimia nazo. 5, 20, 35, 50, 70. Hizo ni kiasi cha mwanga unaopita. Namba ndogo, giza kubwa. Muuzaji akikwambia "hii 20 nyepesi kuliko 50", ondoka dukani polepole.

Na namba hizi zinazidishana. Kioo cha kawaida cha gari chenyewe hakipitishi mwanga wote, tuseme kinapitisha asilimia 80. Bandika juu yake karatasi ya 35, unabaki na 28. Sasa Noah au Voxy iliyotoka Japani vioo vya nyuma tayari vina giza la kiwandani. Tuseme ni 20. Ukibandika 35 juu yake umebaki na 7. Unarudi nyuma usiku kwa mteja uswahilini, mtoto yuko nyuma ya gari, huoni kitu. Ukiwa na gari la aina hiyo, tatizo lako kwa nyuma ni joto tu, giza unalo tayari. Weka karatasi nyepesi ya kuzuia joto au acha kabisa.

Umeshajiuliza kwa nini magari ya Japani yanakuja na giza nyuma lakini mbele vioo vyeupe? Sheria ya kwao inataka kioo cha mbele na vya milango ya mbele vipitishe mwanga angalau asilimia 70. Uingereza nako milango ya mbele ni 70, na kioo kikubwa cha mbele 75 kwa magari ya kisasa. Sababu yao ni dereva aone bodaboda na waenda kwa miguu, na wao wamuone. Kabla hujabandika chochote, pita kwa trafiki wa eneo lako uulize wanataka nini, hasa kwa milango ya mbele. Faini ya mara moja inakula faida ya oda kadhaa, na kubanduliwa tinti barabarani na mzigo ndani ni siku imeshaharibika. Mimi kwa gari la biashara naona milango ya mbele uiache na karatasi nyepesi sana au bila kitu. Mzigo haukai kiti cha dereva.

Haya, sasa kubandika mwenyewe.

Kinachokudanganya ni video. Mtu anabandika dirisha dakika 3, anapiga kifutio mara nne, kioo kimeng'aa. Huoni amebandika magari mangapi kabla ya hilo. Fundi mzoefu gari dogo anamaliza masaa mawili mpaka manne. Wewe mara ya kwanza tenga siku nzima, na siku ya pili ya kurekebisha.

Vifaa sio vingi. Chupa ya kupulizia maji, maji safi yaliyochujwa na matone machache ya shampoo ya mtoto, kifutio cha mpira, kadi ngumu, wembe mpya (mpya kweli, na ubadilishe kila kioo), taulo mbili. Roli angalia vipimo vyake. Nyingi za rejareja ni nusu mita kwa mita 3. Dirisha la mlango la gari dogo linaweza kufika sentimita 90 kwa upana, kwa hiyo roli moja inakupa madirisha matatu tu, na hapo hujakosea hata moja. Pima vioo vyako kwanza, ongeza sentimita 3 kila upande, ndipo uende Kariakoo.

Kuna sehemu watu wengi wanapotea. Tinti inakaa ndani ya kioo lakini unaikata kwa nje. Unaloanisha kioo nje, unaweka karatasi, na lile gamba angavu la kubandua linakutazama wewe. Ukiligeuza, ukiingia ndani umbo limekuwa la mlango wa upande mwingine. Ukishakata, safisha kioo kwa ndani mara mbili, pamoja na ule mpira wa chini ambapo mchanga umejificha. Loanisha kioo, bandua gamba huku ukipulizia maji upande wa gundi, weka, telezesha mpaka ikae, kisha kamua maji kutoka katikati kwenda pembeni.

Adui wako mkubwa ni vumbi. Puto la maji linakauka lenyewe baada ya siku chache, usiliguse. Puto lenye chembe ya mchanga ndani halitoki milele, na kila ukiketi utaliona. Kwa hiyo usifanyie uani kuku wanakochakura. Tafuta sehemu iliyofunikwa, mwagia sakafu maji, zima feni, vaa nguo isiyotoa nyuzi. Asubuhi mapema kabla ya upepo ni nzuri, na karatasi haikauki haraka mkononi.

Kitu kingine hakisemwi: swichi za vioo. Maji ya sabuni yanayoshuka mlangoni yanaingia kwenye swichi za umeme za madirisha, na ile ya dereva ndiyo yenye vitu vingi. Funika mlango kwa taulo nene kabla hujaanza. Umeokoa hela ya fundi tinti, unampelekea fundi umeme, hapo umefanya nini?

Ukimaliza, usishushe vioo siku 3 mpaka 5. Ukiona ukungu wa maziwamaziwa siku za kwanza usishtuke, ni maji yanatoka. Baadaye usisafishe kwa dawa ya vioo yenye amonia, inakula karatasi. Sabuni kidogo na kitambaa laini vinatosha.

Sasa kioo cha nyuma. Hapa mimi nasema wazi: mpe fundi. Kimepinda pande mbili, karatasi haikai mpaka ichezwe na mashine ya hewa ya moto ijikunje kufuata umbo. Draya ya nywele inasaidia kidogo tu, na moto ukizidi sehemu moja karatasi inajikunja vibaya au kioo chenyewe kinapasuka. Juu ya hapo kuna zile nyaya nyembamba za kuondoa ukungu. Ukipitisha wembe juu yake umekata, na wakati wa mvua za masika utaendesha huoni nyuma. Kama kuna tinti ya zamani ya kubandua hapo, ndiyo kabisa. Inatolewa kwa mvuke au joto, polepole, kufuata mistari na sio kuikata. Fundi akitoa wembe kwenye kioo hicho, mzuie.

Kioo kikubwa cha mbele usikiguse kabisa. Nunua kile kivuli cha kukunja cha kuweka ndani ukipaki. Jua nyingi inaingia kupitia hapo, na kivuli ni bei ndogo kuliko tinti yoyote.

Tupige hesabu. Hizi ni namba za mfano, weka za kwako. Tuseme fundi anataka 150,000 kwa gari zima, na roli mbili za aina ileile na vifaa ni 60,000. Unaona umeokoa 90,000. Lakini umepaki gari siku moja, na kwa siku unapeleka oda 8, faida ya kila moja 6,000. Hiyo 48,000 imeondoka. Ukiharibu vipande viwili ukanunua roli nyingine, 20,000 tena. Umebaki na 22,000, na kazi yako ina viputo. Kinyume chake, kama Jumapili huuzi, na unabandika madirisha ya nyuma tu yaliyonyooka kama ya Probox, hesabu inageuka upande wako. Madirisha ya mzigo hata yakiwa na kiputo hakuna mteja atakayekuhoji.

Ndiyo maana njia ninayoipenda ni kugawa kazi: madirisha ya pembeni ya nyuma fanya mwenyewe, kioo cha nyuma mpe fundi. Mafundi wengi wanakubali kufanya kioo kimoja, waulize bei yake peke yake.

Ukienda kwa fundi, usimuulize "bei gani" kwanza. Muulize karatasi ya aina gani, na akuonyeshe boksi au roli yenyewe, sio kipande. Wengi wana taa ya moto. Mwambie aweke karatasi mbele ya taa, wewe weka mkono upande wa pili, linganisha mbili. Mkono haudanganywi na maneno. Muulize anafanyia wapi, ndani au barabarani kwenye vumbi. Muulize ikianza kugeuka zambarau au kubanduka pembeni baada ya miezi mitatu anafanya nini, na hilo akuandikie kwenye risiti. Hiyo zambarau ndiyo alama ya karatasi ya rangi ya bei chee iliyochomwa na jua. Lipa nusu, nusu nyingine kesho yake asubuhi ukishaikagua juani, kwa ndani na kwa nje, pembe zote.

Na wale mnaouza roli za tinti mtandaoni, maana najua mpo humu. Malalamiko yenu mengi yanaanzia kwenye tangazo. Andikeni upana na urefu kwa sentimita, asilimia, na aina: rangi, kaboni au seramiki. Muulizeni mteja gari gani kabla ya kutuma, mwambieni idadi ya madirisha roli itakayotosha, na mwambieni wazi kwamba kioo cha nyuma kinahitaji fundi. Msiandike "inazuia joto 100%", haipo. Na mkipiga picha, bandikeni kipande kwenye kioo halisi mchana, mpige kutoka ndani na nje. Mteja anataka kujua ataonaje usiku kuliko gari litaonekanaje mtaani.

Mwenye chokoleti na siagi ya shea, tinti peke yake haikutoshi hata uweke ya gharama gani. Gari likisimama muda mrefu joto litapanda tu, litachelewa kidogo. Weka deli lenye vipande vya barafu vilivyofungwa, panga oda za kuyeyuka ziwe za kwanza asubuhi, na paki kivulini hata kama ni kutembea hatua hamsini.