Enameli: Beseni la Bibi, Jino la Mjukuu na Majina ya Kale ya Waingereza



Jioni moja nilikuwa nimekaa jikoni nikichagua mchele, mjukuu wangu akaingia na daftari lake la sayansi mkononi. "Bibi," akaniuliza, "hili neno enamel maana yake nini? Mwalimu amesema tuulize nyumbani." Mama yake, aliyekuwa juu ya mbuzi akikuna nazi, alinyanyua uso akanitazama, nami nikamtazama. Neno tulilijua sote wawili kwa masikio, lakini jibu la kumpa mtoto hatukuwa nalo. Mwisho nikaliinua beseni lililokuwa mapajani mwangu, lile jeupe lenye ukingo wa buluu nililoachiwa na marehemu mama, nikamwambia, "Hii ndiyo enameli." Mtoto akacheka. "Bibi, mwalimu anatufundisha meno, si mabeseni!"

Kumbe mimi na mwalimu sote tulikuwa tumesema kweli. Na katika kulitafutia neno hili asili yake, nilikutana na mambo ambayo nimeona si vema kuyaweka moyoni peke yangu.

Enameli ni kioo kilichosagwa kikawa unga, kikapakwa juu ya chuma, shaba au dhahabu, kisha kikatiwa katika tanuri lenye joto la nyuzi 800 hivi za Selsiasi. Unga huyeyuka, ukatambaa juu ya madini na kushikamana nayo, na ukishapoa huwa ni ngozi ngumu, laini, yenye kung'aa. Rangi zake hutokana na madini yanayochanganywa na kioo: kobalti huleta buluu, shaba huleta kijani, na bati huleta weupe. Kwa hivyo lile beseni la mama kwa ndani ni chuma kitupu. Weupe wake ni nguo ya kioo iliyovishwa.

Na jina lake je? Hapa ndipo ilipo ajabu. Wengi hudhani kwamba kila neno la Kiingereza ni la Waingereza tangu awali. Sivyo. Kiingereza cha kale, kilichosemwa kuanzia karne ya 5 hadi ya 11 hivi, hakikuwa na neno enamel. Neno hilo lilitoka Ufaransa, likaingia Uingereza baada ya Wanormani kuiteka nchi hiyo mwaka 1066; na Wafaransa nao walikuwa wamelichukua katika lugha za kale za Kijerumani, kwenye shina lenye maana ya kuyeyusha. Lakini chombo chenyewe Waingereza wa kale walikuwa nacho. Mwaka 1693 kiliokotwa katika jimbo la Somerset kipambo kidogo cha dhahabu, chenye sura ya mtu iliyofanywa kwa enameli na kufunikwa kwa kipande cha bilauri. Pembeni mwake pana maandishi ya Kiingereza cha kale yanayoeleza kwamba Alfred ndiye aliyeamuru kitengenezwe. Naye hudhaniwa kuwa ndiye mfalme Alfred, aliyetawala kuanzia mwaka 871 hadi 899. Kipambo hicho sasa kimehifadhiwa katika makumbusho ya Ashmolean, mjini Oxford.

Majina ambayo Waingereza hawakuyaazima ni yapi basi? Ni yale ya viungo vya mwili na ya mambo ya nyumbani. Jino waliliita tōth, jicho ēage, sikio ēare, ulimi tunge. Na ukiyasikiliza vizuri utayatambua maneno yanayosomeshwa watoto wetu leo: tooth, eye, ear, tongue. Hata ng'ombe akiwa zizini ana jina la kale, cow. Akishaletwa mezani huitwa beef, neno la Kifaransa. Wakulima walimfuga kwa lugha yao, na mabwana waliowatawala wakamla kwa lugha yao.

Lipo jina moja la kale ambalo kila mwanamke anastahili kulijua. Neno lady, ambalo leo huitwa mwanamke mwenye heshima na cheo, katika Kiingereza cha kale lilikuwa hlǣfdige, yaani mwenye kukanda mkate. Na lord, bwana mkubwa, alikuwa hlāfweard, mlinzi wa mkate. Basi yule mwanamke anayeamka alfajiri kukanda unga wa chapati au kuumua mahamri, akijiona kuwa kazi yake haina jina, na ajue kwamba Waingereza wa kale walipotafuta neno la kumtukuza mwanamke, walilipata penye unga.

Kiswahili chetu nacho kimepita njia hiyo hiyo. Jino, jicho, sikio na ulimi ni maneno ya Kibantu, hayakuazimwa kwa mtu. Chungu, mtungi na ungo vilevile. Lakini sahani, birika na sufuria tumezipata kwa Waarabu, na meza tumeipata kwa Wareno. Sinia tunalopakulia wali wa harusi lina safari ndefu zaidi: ni neno la Kiarabu lililotokana na Sin, yaani Uchina. Kila tunaposema sinia, tunaitaja Uchina bila ya kujua.

Na tukiifuata enameli upande wa Mashariki, tutaikuta katika nyumba za ibada. Waajemi na Waarabu huiita mina. Katika karne ya 13 na ya 14 mafundi wa Misri na Sham walitengeneza taa za kioo za kuning'inizwa misikitini, wakazinakshi kwa enameli na dhahabu. Na nyingi katika hizo ziliandikwa shingoni maneno ya Aya ya Nuru, katika Suratun Nur. Taa ilipowashwa, mwanga ulipenya ndani ya maandishi yenyewe. Ufundi wa enameli ulifika hadi Uchina, na mwaka 1388 mwandishi wa huko, Cao Zhao, alivitaja vyombo vya aina hiyo kwa jina la Dashi, jina walilowaita Waarabu, akasema kwamba vinafaa vyumba vya wanawake wala havifai maktaba za wanazuoni. Basi tazama mzunguko wa dunia: Waarabu waliliita sinia kwa jina la Uchina, na Wachina wakaiita enameli kwa jina la Waarabu!

Narudi sasa kwenye daftari la mjukuu wangu, maana huko ndiko lilipo jambo zito.

Wataalamu wa Ulaya walipoitazama ngozi nyeupe inayofunika jino waliona inafanana na ile ya vyombo, wakaipa jina hilo hilo. Waarabu pia husema mina kwa vyote viwili. Ulinganisho huo ni wa haki. Enameli ya jino ndicho kitu kigumu kuliko vyote katika mwili wa mwanadamu, hata mfupa haufiki. Asilimia 96 hivi yake ni madini matupu. Hata hivyo, kama ile ya beseni, ina udhaifu mmoja: ikishaondoka, hairudi. Mfupa ukivunjika huunga, na ngozi ikikatika hufunga, kwa sababu ndani yake mna chembe hai za kuutengeneza mwili. Chembe zilizoijenga enameli hufa jino linapotokeza nje ya ufizi. Kazi yao imekwisha, na haziji tena.

Beseni la mama lina pengo ukingoni. Liliniponyoka mkononi nilipokuwa msichana, kioo kikabanduka, chuma kikabaki wazi, na kutu ikaingia ikala taratibu. Jino nalo huliwa vivyo hivyo, ila linalolibandua si sakafu. Ndani ya kinywa mna vijidudu vinavyokula sukari na kutoa tindikali, na tindikali hulainisha enameli. Mate, kwa rehema ya Mwenyezi Mungu, hurudisha madini kidogo kidogo na kulitengeneza lililolainika. Lakini mtoto akiwa anamumunya mabuyu ya sukari tangu adhuhuri hadi magharibi, mate hayapati nafasi ya kufanya kazi yao. Kinachodhuru zaidi si wingi wa sukari kwa mara moja. Ni kule kuirudia kila saa.

Hapa sina budi kukiri kosa langu. Binti yangu, mama wa mtoto huyu, alipokuwa na umri wa miaka minane alilalamika kuwa gego la nyuma linamuuma. Nikamwambia, "Hilo ni jino la utoto, litatoka lenyewe." Halikuwa la utoto. Gego la kwanza la ukubwani huota mtoto akiwa na miaka sita hivi, nyuma kabisa ya meno ya utoto, na wala haling'oi jino jingine kabla ya kuota. Kwa hivyo wazazi wengi hatulitambui, tukadhani ni mojawapo ya yale yatakayoondoka. Nilipompeleka hospitali shimo lilikuwa limefika ndani, jino likang'olewa. Hadi leo hutafuna upande mmoja.

Kwa hivyo, kina mama, mtoto akitimiza miaka sita, mfungueni kinywa mbele ya dirisha penye mwanga mhesabu magego yake. Msimlaze mtoto mchanga na chupa ya maziwa au ya chai mdomoni, kwa maana usiku mate hupungua, na enameli ya meno ya utoto ni nyembamba kuliko ya meno ya ukubwani. Baada ya ukwaju, ndimu au embe mbichi ya pilipili, mpeni maji asukutue, mngoje nusu saa kabla ya kupiga mswaki, ili msiikwangue enameli iliyolainika. Mtume wetu, swalla Llahu alayhi wasallam, ametuhimiza sana juu ya mswaki. Basi tusiuache, iwe wa mti au wa dukani wenye dawa ya floraidi. Na la mwisho, mtoto akisema jino linauma, tusimjibu kwa kudhani.

Vyombo vya enameli navyo vina adabu yake. Usimimine maji ya baridi katika chombo kilicho moto, kwani kioo na chuma havitanuki sawasawa. Koroga kwa mwiko wa mti. Chombo kilichobanduka kwa ndani kiondoe katika chakula, ukitie kazi nyingine. Beseni la mama, kwa kuwa pengo lake liko ukingoni tu, ningali nachagulia mchele.

Mjukuu wangu aliandika katika daftari kwamba enameli ni nguo ya jino, na kwamba nguo hiyo hushonwa mara moja tu. Kisha akanijia, akafungua kinywa, akaniambia, "Bibi, nihesabie." Nikayahesabu. Magego yote manne yalikuwa mazima, alhamdulillah. Mama yake aliniangalia, wala hatukusema neno.

Wabillahi tawfiq.